Siku Uliyofanya Mtihani wa Takwimu

Yakobi, Njombe
Jumamosi ya mwisho wa Oktoba, mchana

Mwanangu, shikamoo.

Nimeamua leo nikueleze yote, pamoja na yale niliyoambiwa nisikueleze. Umekwenda kanisani kuagana na wanakwaya wenzako, Babu amelala, na mvua inapiga bati kiasi kwamba hakuna mtu atakayepita kutusalimia. Nikimaliza, barua hii nitaiweka kwenye mkoba wako mdogo, ule wa vyeti. Kesho tukishakusindikiza Makambako usiifungue pale stendi. Ifungue basi likishapita Mafinga, ukiwa umekaa na hakuna wa kukuzungumzisha.

Mtu asiyetujua akiiokota atashangaa binti wa kidato cha tatu anamwita mama yake mzazi "mwanangu". Lakini ndivyo tulivyo. Nilipozaliwa ulinipa jina la mama yako, Twilumba, na tangu hapo hujawahi kuniita kwa jina hilo. Unaniita mama. Majirani wakipita wananiuliza, "Mwanao yuko wapi?" nami najibu, "Mwanangu amekwenda kufundisha." Nilipokuwa mdogo nilidhani ni kweli kabisa, kwamba nilikuzaa zamani halafu nikasahau. Babu naye ananiita mke wake. Leo asubuhi ameniambia, "Mke wangu, hii chai umeweka majani, au majani yamepita tu dirishani?" Nikamjibu kwamba bwana asiyeridhika anaruhusiwa kuoa mwingine.

Kwa hiyo leo nakuandikia kama mama. Najua mama wengine huandika mambo mengi: funga mlango, angalia chandarua, usitembee usiku. Hayo nayapita, maana wewe ndiye uliyenifundisha. Nimefanya jambo moja tu bila kukuuliza: sweta zito la kijani nimelitoa kwenye begi. Dodoma ni joto, na mimi nitalihitaji kuliko wewe.

Nimechoka, mwanangu. Nasema mapema ili ukiona mwandiko umelala usidhani nimekasirika. Wiki hii yote ilikuwa ya kuosha, kufunga, kufungua tena na kupokea watu. Wewe pia umechoka. Jana nilikuona umekaa kitandani na soksi moja mkononi, muda mrefu, na ya pili huitafuti. Nikapita kimya. Nilidhani unafikiria safari, lakini sasa nadhani ulikuwa unafikiria safari ile ya kwanza.

Tuanze na shahada yenyewe, kwa sababu mambo mengine yote yametokea humo. Mimi nayajua masharti yake karibu kama wewe. Nilikuwepo tulipokwenda steshenari ya pale mjini kutuma maombi, na yule kijana akanitazama mimi akasema, "Mwombaji ni dada huyu?"

"Mwombaji ni mimi," ukamwambia.

"Aa, samahani mama. Kozi gani?"

"Saikolojia."

"Ile ya kusoma mawazo ya watu?"

"Ile ile. Na hapa naona unawaza kunipandishia bei."

Alicheka mpaka akakosea kuandika jina lako, ikabidi aanze upya. Nilipenda siku ile. Uliweka vyeti mezani kimoja kimoja, cha kidato cha nne, cha kidato cha sita, cha ualimu, na ile D ya Hisabati uliyokuwa ukiionea aibu miaka yote ndiyo ikawa ya kwanza kuulizwa, kwa sababu bila kufaulu Hisabati kidato cha nne kozi ile usingepokelewa. Ukanikonyeza. "Unaona, mama? Hata D ina kazi yake."

Tuliporudi tukausoma mwongozo wa wanafunzi kwenye simu yako, mimi nasoma kwa sauti na wewe unaandika kwenye kalenda ya ukutani kwa sababu hatukuwa na karatasi karibu. Miaka mitatu, mihula sita. Misingi ya saikolojia, makuzi ya mtoto, saikolojia ya jamii, ubongo na kazi zake, magonjwa ya akili. Takwimu, halafu tena Takwimu. Mbinu za utafiti. Masomo ya kuchagua mpaka krediti zitimie. Mafunzo kwa vitendo kila mwaka unapoisha, na mwaka wa tatu utafiti wako mwenyewe, unaouandika na kusimama kuutetea mbele ya walimu. Kazi za darasani zina alama zake na mtihani wa mwisho una alama zake, na huwezi kuegemea upande mmoja tu. Nilipofika mwisho nikauliza, "Halafu hapo unakuwa daktari wa akili?"

"Hapana. Hapo bado siruhusiwi kumtibu mtu peke yangu. Ni mpaka nisome tena."

"Sasa faida iko wapi?"

Ukasema faida ni kujua unachokiona. Ukanisimulia tena habari ya yule mtoto wa darasa la tano, aliyekuwa analetwa kwako kwa sababu walimu wenzako walikuchagua kuwa mwalimu wa ushauri nasaha. Aliacha kuongea darasani baada ya nyumba yao kuungua. Walikuchagua kwa kuwa una subira, na subira hiyo ulimpa yote, muhula mzima, lakini mtoto hakusema neno mpaka wazazi wake wakamhamisha. Ulisema hukutaka tena kukaa mbele ya mtoto kama yule ukiwa na subira peke yake. Hapo ndipo nilipojua kwamba utaondoka, hata kabla hujasema.

Sasa nije kwenye safari ya kwanza. Hatujawahi kuizungumza tukiwa wawili. Nilikuwa darasa la nne. Uliondoka kama utakavyoondoka kesho, kwenda chuo kile kile, ila wakati ule Bibi ndiye aliyebaki na mimi. Aliugua wakati wa kuvuna mahindi, ghafla, na hakurudi kutoka hospitali. Wewe ulikuwa katikati ya mitihani ya mwisho wa mwaka.

Wazee walikaa wakaamua usiambiwe mpaka umalize. Hakuna aliyebisha. Mjomba ndiye aliyekaa na simu. Ulipopiga alikwenda kusimama pale kwenye migomba ili sauti za watu waliokuja msibani zisisikike, na mimi nilikuwa nimemfuata nikishika shati lake. Nilisikia sauti yako ndani ya simu, ndogo kama ya mdudu aliye kwenye kopo.

"Mama hajambo?"

"Hajambo, yuko shamba."

"Mbona kila nikipiga yuko shamba?"

"Mahindi ya mwaka huu mengi, mdogo wangu. Wewe soma."

Siku ya mazishi ukungu ulikaa mpaka mchana. Mzee mmoja wa kanisa akauliza, "Na binti yake?" Mjomba akajibu, "Leo ana mtihani wa Takwimu." Watu wote waliokuwa karibu wakaitikia kwa kichwa, kwa heshima, kana kwamba Takwimu ni mkubwa fulani wa serikali ambaye hawezi kuachwa anasubiri. Nilikuwa mdogo lakini naukumbuka uso wa Babu. Alitazama barabarani.

Ulipomaliza ulipanda basi. Mjomba alikupokea Makambako, akakununulia chipsi na soda, akakwambia umekonda. Njia nzima mpaka Njombe alikuongelesha habari za mbao. Ulipofika hapa uliona viatu na kandambili za watu wengi mlangoni, siku ya kazi, saa ambazo watu wako mashambani. Ukasimama. Nilikuwa nimesimama dirishani, nilikuona. Hukuuliza ni nani. Uliuliza, "Lini?"

Na matokeo yalipotoka ulikuwa umefaulu masomo yote, hata Takwimu. Mjomba alifurahi kweli. Alisema, "Unaona sasa? Ungeambiwa ungeyapata haya?" Wewe ukaingia ndani ukalia. Mimi sikuelewa kwa nini mtu aliyefaulu analia. Nilidhani labda alama hazikutosha. Nikaenda kumwambia Babu kwamba wakuongezee. Sasa nimekuwa, na nadhani nimeelewa: walikuwa wanakuonyesha kwa alama zako mwenyewe kwamba walifanya vizuri kukudanganya.

Chuo kilipofunguliwa hukurudi. Wala hukuandika kuomba kuahirisha masomo. Ulisema huna nguvu hata ya kuandika "Yah" juu ya barua. Kwa hiyo chuoni ikahesabiwa umeacha bila taarifa, na mwaka ule wote ukafutika. Ndiyo maana kesho unaanza mwaka wa kwanza upya, pamoja na watoto walionizidi mimi miaka michache tu.

Sasa nije kwenye yale niliyokatazwa.

Jumapili iliyopita, ulipokwenda sokoni baada ya ibada, Mjomba alikuja kutoka Makambako. Alipaki gari lake la mbao nje ya uzio, akaingia, akatusalimu, "Kamwene," akakaa bila hata kuvua koti. Nikawaletea chai.

"Baba, tuongee kabla mdogo wangu hajarudi."

"Ongea. Masikio bado yapo, miguu ndiyo imejaa maji."

"Safari ile tulipata hasara. Alifaulu, lakini aliacha. Safari hii lazima amalize."

"Amalize."

"Kwa hiyo likitokea jambo wakati wa mitihani—"

"Jambo gani?"

Mjomba akakoroga chai ambayo ilishakorogwa. "Jambo. Mzee ni mzee."

"Mnanizika na chai sijaimaliza," Babu akasema. "Mke wangu, ongeza hapa. Kama nakufa, nife nimeshiba."

Nilicheka. Mjomba hakucheka. "Nasema kweli, baba. Likitokea hatumpigii. Afanye mtihani wa mwisho, apande basi, tumwambie hapa hapa."

Babu akaweka kikombe chini. Kisha akasema, "Mimi nikifa nimekufa. Hata mkimwambia sitasikia mnavyomwambia. Fanyeni lile litakalomfikisha mwisho."

Mjomba akanigeukia. "Na wewe, mama mtu, umesikia. Mwanao anasoma kwa ajili yetu wote. Simu itakuwa kwako. Akipiga unasema hatujambo, basi."

"Kwa nini tusimuulize mwenyewe, kabla hajaondoka?"

"Ukimuuliza mtu kama anataka kuambiwa, umeshamwambia nusu."

"Lakini Mjomba, si aliacha kwa sababu hiyo hiyo?"

"Aliacha kwa sababu ya huzuni. Huzuni ingekuja tu, hata angeambiwa na malaika."

Hata leo sijui kama amekosea. Na simchukii, mwanangu, nawe usimchukie. Wewe ndiye uliyenisimulia kwamba alikuwa kidato cha nne alipoambiwa, asubuhi ya mtihani, kwamba mdogo wenu wa mwisho amefariki. Akatoka bwenini akaja kuzika. Mtihani wa taifa haukumsubiri. Karatasi alizozikosa zikaonekana sifuri kwenye cheti, na tangu hapo yuko kwenye mbao. Ukimsikiliza vizuri anavyosema "asiambiwe", anakukinga na kile kilichompata yeye.

Lakini kuna jambo hakulijua, na hata wewe wakati ule hukulijua, na wazee wote waliokaa siku ile hawakulijua. Wote mlidhani mitihani yote ni ya namna moja. Unakumbuka tulipokuwa tunausoma mwongozo kutafuta krediti, nikaruka ukurasa ukaniambia nirudi? Mle ndani kuna kifungu cha mwanafunzi aliyefiwa na mzazi, mwenza au mtoto wakati wa mitihani. Anaandika kuomba kuahirisha, analeta uthibitisho, na mtihani anaufanya baadaye, wakati wenzake wanafanya ya marudio, ile mnayoiita sapu. Lakini wake hauhesabiwi marudio. Unahesabiwa kama ameufanya mara ya kwanza, na alama zake zinabaki kamili. Ulipokisikia ulisema umechoka, tuendelee kesho, na kweli tukaendelea kesho na ukurasa mwingine.

Jumapili nilimwonyesha Mjomba kifungu hicho kwenye simu yako, uliyokuwa umeiacha nyumbani. Alikisoma chote, polepole, kidole kikifuata mistari. Halafu akasema, "Hayo ni ya kwenye kitabu."

"Kitabu ni cha chuo, Mjomba."

"Na atakayesahihisha, naye amekisoma?"

Akanirudishia simu, akaniuliza kama shuleni tumeshamaliza mitihani yetu, akanipa mkate aliokuja nao. Alipoondoka nikabaki na siri yao na vikombe viwili vya chai iliyopoa.

Nina jambo langu pia nililojifunza, dogo, nalo nakupa kwa kuwa mama wanatakiwa kuwapa watoto wao walichojifunza. Ulipokuwa kwenye semina ya walimu mwezi wa nane, uliniachia vidonge vya Babu vya moyo, vile vya kupunguza maji. Jioni moja nilimkuta amelala kwenye kiti, amelala vizuri, hakohoi, na ilikuwa mara ya kwanza wiki ile. Nikamwonea huruma. Nikasema kidonge atakunywa kesho. Na kesho yake nikamkuta hivyo hivyo, nikamwacha tena. Asubuhi miguu ilikuwa imevimba hata kandambili hazimwingii. Nilipomweleza alinitazama, akasema, "Mke wangu, huruma yako itaniua kabla ya moyo." Alikuwa anatania, lakini tangu siku ile namwamsha, akinung'unika namwacha anung'unike. Nimegundua kwamba usiku ule sikuwa namhurumia yeye peke yake. Nilikuwa najihurumia mimi, nisimwone akikunja uso.

Nimeyafikiria hayo tangu Jumapili. Mwakani nami nina mtihani wa kidato cha nne, ule usiosubiri. Nimejiuliza ningependa kuambiwa au nisiambiwe. Nimejaribu kujijibu nikiwa nachota maji, nikiwa darasani, nikiwa nameza ugali. Siku nyingine nasema niambiwe. Siku nyingine naona uso wa Mjomba na cheti chake, nasema hapana. Kama mimi siwezi kujijibu mwenyewe, nitawezaje kujibu kwa niaba yako? Ndiyo maana nakuandikia.

Chuoni najua kutakuwa na siku za kuchosha. Watakuita mama, wengine watakuita madam wakidhani wewe ndiye mhadhiri, na kwenye kazi za kikundi watakuachia uandike kwa sababu mwandiko wako ni wa ubaoni. Waandikie, lakini nao wakufundishe Takwimu. Usiwaonee aibu. Hata mimi kuna mvulana mfupi wa kidato cha pili anayenielekeza maswali ya uwezekano, na sijafa. Ukishindwa swali, sema umeshindwa, siku ile ile. Nimekuona ukikaa na daftari mpaka macho yanakuwa mekundu kwa sababu hutaki mtu ajue. Mwaka ule ulifaulu ukiwa peke yako, na sidhani kama kulikusaidia.

Kuhusu Babu, nilisema nitakueleza yote. Unajua moyo wake umetanuka, unajua analala akiwa ameketi. Usilolijua ni kwamba Jumatano alianguka kwenye banda la kuku. Hakuumia, alichubuka kiwiko tu, lakini alikaa chini kwa muda akihema, na midomo ilibadilika rangi. Nilitaka kukimbia kukuita shuleni. Akanishika mkono. "Mwanao ana safari," akasema. "Usimwambie." Nikamfuta kiwiko, nikamsaidia kuingia ndani, na uliporudi ukauliza kwa nini amevaa shati la mikono mirefu, akasema baridi.

Nimeandika hapo juu kwamba uifungue barua hii ukishapita Mafinga. Nimerudi kusoma mwanzo, nimeiona sentensi hiyo, nikaweka kalamu chini. Nilitaka uyajue haya basi likiwa limeshakwenda mbali, usiweze kushuka. Nilijiambia ni kwa sababu hapo utakuwa umetulia. Si kweli. Niliogopa kwamba ukijua leo, kesho hutaondoka, na shahada itafutika mara ya pili, na safari hii itakuwa ni kwa sababu yangu. Yaani nilikuwa nakufanyia kile kile, ila tu kwa muda mfupi zaidi. Mjomba alisubiri mpaka Njombe, mimi ningesubiri mpaka Mafinga.

Kwa hiyo sitaiweka kwenye mkoba. Ukirudi kutoka kanisani nitakupa mkononi, kabla ya chakula. Babu nimeshamwambia, ameamka sasa hivi. Amesema, "Mke wangu, wewe ni mkaidi kama yule wa kwanza." Halafu akaomba chai, na akaomba iwe na majani.

Naomba usinijibu kwa mdomo. Kwa mdomo utasema "tutaona, mama", nami nitakubali kwa sababu utakuwa umechoka na mimi nimechoka. Nijibu kwa kalamu, nyuma ya karatasi hii, leo, hata kama ni mstari mmoja, ili Mjomba atakapoleta gari asubuhi nimwonyeshe mwandiko wako. Ukiandika kwamba hutaki kuambiwa mpaka mtihani wa mwisho uishe, nitanyamaza, ukinipigia nitasema hatujambo, na nitajitahidi sauti isibadilike. Ukiandika kwamba huendi, nitafungua begi nikusaidie kupanga nguo kabatini, na sitakuuliza kwa nini.

Lakini nina tumaini la jibu jingine. Silijui vizuri, ila nimeliwaza sana. Naona siku hiyo imefika, nimekupigia, nimekuambia kwa maneno ya kawaida. Umeandika ile barua yenye "Yah" ambayo mara ya kwanza ulishindwa kuiandika. Umepanda basi ukijua unakwenda kuzika, umefika hapa wakati jeneza bado liko ndani, umemwona Babu. Na baada ya hapo, sijui ni lini, umepanda basi la kurudi.

Mvua imekatika. Nasikia wanakwaya wanacheka barabarani, na sauti yako naitambua ndani yao.

Niambie, mwanangu: nikikupigia siku hiyo hiyo ukaja tukazika pamoja, utarudi chuoni kumaliza?

Mama yako,
Twilumba